Uume usiposimama baada ya upasuaji wa saratani ya tezi dume: mwongozo wa hatua kwa hatua

Mwanamume akiambiwa ana saratani ya tezi dume, swali lake la kwanza ni kama atapona. Mengine yote huyasukuma pembeni. Upasuaji unafanyika, mpira wa mkojo unatolewa, kipimo cha PSA, kile cha damu kinachoifuatilia saratani hii, kinarudi kikiwa chini kabisa, ndugu wanashukuru, naye anarudi kwenye shughuli zake. Ndipo lile alilolisukuma pembeni linapomfuata chumbani: uume hausimami. Wengi hapo hunyamaza. Wanaona aibu, tena wanajiona watovu wa shukrani, kana kwamba mtu aliyenusurika saratani hana haki ya kulalamikia jambo kama hilo.

Haki unayo. Hili ni tatizo la kitabibu, linajulikana chanzo chake, na lina matibabu yanayopandishwa ngazi kwa ngazi. Nimeandika mwongozo huu kwa ajili ya mwanamume aliyekwisha kufanyiwa upasuaji na kwa mkewe pia, maana mengi yaliyomo humu hayaendi vizuri yakibebwa na mtu mmoja. Kama bado hujapasuliwa, soma vilevile. Yapo maswali yanayofaa kuulizwa kabla ya siku yenyewe.

Hatua ya 1: Jua kilichofanyika mwilini mwako

Tezi dume iko chini ya kibofu na imezunguka njia ya mkojo. Ubavuni mwake, kushoto na kulia, zinapita neva, yaani mishipa ya fahamu, nyembamba sana zinazoiamrisha mishipa ya uume ifunguke na kujaa damu. Zamani upasuaji huu ulikuwa ukiziondoa au kuziharibu karibu kila mara, kwa kuwa njia yake haikujulikana sawasawa. Aliyeifuatilia njia hiyo ni daktari Patrick Walsh wa hospitali ya Johns Hopkins huko Marekani, akishirikiana na Pieter Donker wa Leiden, Uholanzi, na mwaka 1982 Walsh akafanya upasuaji uliokusudia kuziacha neva hizo zikiwa salama. Tangu hapo, pale ambapo saratani haijazisogelea, daktari huzibandua taratibu kutoka kwenye tezi na kuziacha.

Hata zikiachwa, huwa zimevutwa na kuguswaguswa. Neva iliyopata msukosuko huo huzubaa kwa muda mrefu. Nafuu huhesabiwa kwa miezi, wala si kwa wiki: wengi wanaopona huona mabadiliko kati ya mwezi wa 6 na wa 24, na wapo wanaoendelea kuimarika hata baada ya hapo. Mtu aliyekuwa akisimamisha vizuri kabla, akapasuliwa asubuhi na jioni akawa hana kabisa, asidhani kuna kitu kimekosewa. Karibu kila mwanamume huanzia hapo, hata yule ambaye neva zake zote ziliachwa.

Kwa hiyo muulize daktari aliyekupasua: “Neva ziliachwa pande zote mbili, upande mmoja, au hazikuachwa?” Jibu lake liandike mahali, kwa sababu ndilo litakaloamua uanzie ngazi ipi. Pande zote mbili zikiwa zimeondolewa, vidonge kwa kawaida havitafanya kazi, na hakuna sababu ya kutumia mwaka mzima na fedha zako ukivijaribu. Mambo mengine yanayoamua ni umri wako, hali ya uume kabla ya upasuaji, na magonjwa yanayoharibu mishipa ya damu kama kisukari na shinikizo la damu. Sigara nayo imo humo. Kama unavuta, kuacha ni matibabu kamili, na hakuna daktari atakayekuandikia kitu chenye faida nyingi zaidi ya hiyo.

Sasa lile ambalo wanaume wengi hawaambiwi. Kusimama, kuwa na hamu na kufika kileleni ni mambo matatu tofauti, na kila moja lina njia yake mwilini. Upasuaji huu unagusa hasa la kwanza. Neva zinazoleta hisia kwenye ngozi ya uume ni nyingine, na kwa kawaida hubaki salama. Kwa maana hiyo mwanamume anaweza kufika kileleni akiwa na uume laini kabisa, kwa kushikwa na kusuguliwa tu. Utamu unaweza kuwa tofauti na wa zamani: kwa wengine umepungua, kwa wachache umeongezeka, na huenda ukachelewa kidogo. Lakini upo. Nimeona nyuso za wanaume zikibadilika waliposikia habari hii, na baadhi yao walikuwa wamekwisha kuhama kitanda.

Kitakachokosekana ni shahawa. Tezi dume na vile vifuko viwili vilivyoungana nayo, ambavyo hutengeneza karibu majimaji yote ya shahawa, vimeondolewa, na mirija ya mbegu imekatwa. Korodani bado zinatengeneza mbegu, ila mwili huzifyonza. Kutungisha mimba kwa njia ya kawaida hakuwezekani tena, kwa hiyo anayetaka mtoto azungumze na daktari kabla ya upasuaji kuhusu kuhifadhi mbegu kwa kuzigandisha.

Mambo mawili ya haraka. Saratani haiambukizwi kwa tendo la ndoa, mkeo yuko salama. Na kama baada ya upasuaji umeanzishiwa dawa za kushusha homoni za kiume, hamu yenyewe itapungua sana. Hiyo ni kazi ya dawa, haimaanishi kwamba umeacha kumpenda mtu. Usijitafutie homoni za kuongeza nguvu bila daktari wako wa saratani kujua, kwa kuwa zinaweza kuuchochea ugonjwa uliobaki.

Hatua ya 2: Zungumzeni kabla ya kujaribu chochote

Ningeiweka hatua hii mbele ya vidonge hata kama ningepewa nafasi ndogo ya kuandika. Kinachotokea nyumba nyingi ni hiki: mume anaogopa kuanza jambo asiloweza kulimaliza, kwa hiyo anaacha hata kumshika mkewe mkono. Mke anaona amesogezwa mbali, anadhani hatakiwi tena, au anaogopa kumgusa asije akamtonesha kidonda. Kila mmoja anamhurumia mwenzake kimyakimya, na kimya hicho kinazidi kuwatenganisha.

Chagueni wakati ambao hakuna anayetarajia tendo. Mchana ni bora kuliko usiku, na mkiwa mnatembea au mnafanya kazi pamoja ni rahisi kuliko mkitazamana. Maneno hayahitaji kuwa mazuri. Mtu anaweza kusema hivi:

“Mke wangu, kuna jambo linanisumbua na nimeshindwa kulisema. Tangu upasuaji mwili haunitii. Bado nakutaka kama zamani. Nikikugeuzia mgongo usiku, ni kwa sababu naogopa.”

Na jibu mara nyingi huwa karibu na hili: “Kumbe. Mimi nilidhani nikikusogelea nitakuumiza, ndiyo maana nikakaa mbali.”

Baada ya hapo mkubaliane jambo moja la vitendo: kwa wiki kadhaa mtashikana, mtabusiana na kulala mmekumbatiana bila kulenga uume uingie popote. Likitokea zaidi, sawa. Lisipotokea, hakuna aliyeshindwa. Woga wenyewe hubana mishipa ya damu, hivyo mwanamume anayejipima kila dakika kama amesimama anajizuia mwenyewe. Muulize mkeo pia kuhusu mwili wake. Kama amekoma hedhi, ukavu ukeni humfanya aumie, naye huenda amekuwa akivumilia miaka mingi bila kusema. Jeli ya kulainisha iliyotengenezwa kwa maji inawafaa nyote wawili, na uume ambao haujakaza sana huingia kwa urahisi zaidi ikitumika.

Kama huna mwenzi kwa sasa, usijione kwamba mlango umefungwa. Si lazima umweleze mtu siku ya kwanza mnapofahamiana. Mweleze pale mnapoona mnaelekea kulala pamoja, kwa sentensi mbili tatu tulivu: uliugua, ulitibiwa, na kuna mambo mtayafanya kwa namna nyingine. Wengi hulipokea vizuri kuliko unavyoogopa.

Hatua ya 3: Wiki za mwanzo

Mpira wa mkojo ukiwa bado ndani, kwa kawaida wiki 1 hadi 2, usifanye mazoezi ya nyonga wala usijaribu kusimamisha. Ukishatolewa na daktari akakuruhusu, anza mazoezi ya misuli ya sakafu ya nyonga. Kazi yake kubwa ni kurudisha uwezo wa kuzuia mkojo, na misuli hiyohiyo husaidia damu isitoke upesi kwenye uume uliosimama.

Ili kuijua misuli yenyewe, simama mbele ya kioo ukiwa huna nguo, kisha kaza kama mtu anayezuia hewa isitoke na mkojo usitoke kwa wakati mmoja. Ukifanya sawasawa utaona shina la uume likirudi ndani kidogo na korodani zikipanda. Tumbo, makalio na mapaja yasikaze, na usizuie pumzi. Kaza kwa sekunde 5, legeza kwa muda uleule, rudia mara 10. Fanya hivyo mara 3 kwa siku, ukiwa umelala, umekaa na umesimama. Misuli ikizoea, fika sekunde 10. Usifanye zoezi hili kwa kukatiza mkojo katikati kila unapokwenda haja. Hilo ni la kujaribia mara moja tu ili uitambue misuli.

Tendo la ndoa wengi huruhusiwa baada ya wiki 6 hivi, lakini ruhusa ni ya daktari aliyeona kidonda chako. Kujishika taratibu, au kushikwa na mkeo, huanza mapema kuliko hapo kwa watu wengi.

Utasikia pia habari ya kuutunza uume wakati neva zikisubiriwa. Hoja yake ni hii: mwanamume mzima husimamisha mara kadhaa usingizini kila usiku, na damu hiyo hupeleka oksijeni kwenye nyama za uume. Ikikosekana miezi mingi, nyama hizo huanza kukakamaa na uume hufupika. Kwa sababu hiyo madaktari wengi huanzisha mapema kidonge kidogo cha kila siku, pampu, au vyote viwili. Tafiti hazijaonyesha wazi kwamba kuanza mapema hivyo kunazifanya neva ziamke haraka zaidi. Hata hivyo naunga mkono kuanza mapema, kwa sababu wanandoa wanaoendelea kugusana na kujaribu huwa hawaupotezi mwendo wao, na wanaosubiri miaka 2 bila kugusana hupata kazi kubwa kurudi.

Hatua ya 4: Vidonge

Sildenafili, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 1998 kwa jina la Viagra, na tadalafili, inayojulikana kama Cialis, ndizo zinazotumika zaidi. Hazimsimamishi mtu zenyewe. Zinaukuza ujumbe ambao neva zimekwisha kuutuma, na neva zikiwa bado zimezubaa hakuna cha kukuza. Ndiyo maana kidonge kilichokataa mwezi wa 3 baada ya upasuaji kinaweza kufanya kazi mwezi wa 12. Usikitupe moja kwa moja.

Wengi wanaosema vidonge vimeshindwa walivitumia vibaya. Sildenafili huanzwa kwa miligramu 50 na hufika 100, mara moja tu kwa siku. Imezwe tumbo likiwa halina chakula kizito, hasa cha mafuta, saa moja kabla, na lazima uwepo msisimko: kumeza kisha kukaa ukisubiri ni kupoteza kidonge. Tadalafili haijali chakula na nguvu yake inaweza kudumu hadi saa 36, hivyo haiwafanyi wanandoa wakimbizane na muda. Ipo pia ya miligramu 5 ya kila siku. Jaribu dozi kamili kwa siku tofauti, angalau mara 6 hadi 8, kabla ya kukata tamaa. Kichwa kuuma, uso kuwaka, pua kuziba na kiungulia ni kawaida. Tadalafili huweza kuumiza mgongo na misuli.

Hapa nataka usome taratibu. Mtu anayetumia dawa za moyo za jamii ya naitreti, zile za kuweka chini ya ulimi au za kumeza kwa maumivu ya moyo, hatakiwi kugusa vidonge hivi hata mara moja. Zikikutana, shinikizo la damu huporomoka na mtu anaweza kufa. Ukipata maumivu ya kifua ukiwa kwenye tendo, acha, nenda hospitali, na waambie mara moja kwamba umemeza dawa hii, ni ipi na saa ngapi. Usione aibu mbele ya nesi. Anayetumia dawa za kupanua njia ya mkojo au za presha amwambie daktari kwanza. Macho yakififia ghafla au masikio yakiziba ghafla, acha dawa na utafute msaada siku hiyohiyo.

Na hizi dawa za nguvu za kiume zinazouzwa kwa siri, za unga, za asali, za mizizi? Mamlaka za dawa, ikiwemo ya Marekani, zimekuta mara nyingi bidhaa zinazoitwa za asili zimechanganywa na sildenafili au mfano wake bila kuandikwa. Mgonjwa wa moyo anaimeza akidhani ni mmea. Ninaomba sana, kwa mtu aliyekwisha kushinda saratani, asije akapotea kwa kitu hiki.

Hatua ya 5: Pampu

Ni bomba la plastiki linalovalishwa uume, lina pampu ya kunyonya hewa na pete ya mpira. Uzuri wake ni kwamba halitegemei neva hata kidogo, kwa hiyo linamfaa hata yule ambaye neva zake zimeondolewa.

Punguza nywele za shinani, maana zikibanwa zinauma na hewa inaingia. Paka jeli shinani na kwenye mdomo wa bomba. Livalishe, ligandamize vizuri mwilini, kisha pampu mara chache, pumzika, pampu tena. Anayeharakisha huishia na vidoa vyekundu vya damu chini ya ngozi. Uume ukijaa, sukuma pete kutoka kwenye bomba hadi shinani, fungulia hewa, toa bomba. Pete isizidi dakika 30, na usilale usingizi ukiwa umeivaa. Utaona uume umepoa na rangi yake imekolea, na shina linayumba kwa kuwa sehemu iliyo ndani ya mwili haikujaa. Ushike kwa mkono wakati wa kuingia, au mkeo akae juu aongoze yeye. Nunua kifaa chenye kizuizi cha mvuto uliozidi. Wenye selimundu, wenye matatizo ya kuganda damu au wanaotumia dawa za kuzuia damu isigande waulize daktari kwanza.

Watu wengi huiacha baada ya majaribio machache kwa kuona ni usumbufu. Fanyeni mazoezi nayo mkiwa hamna haraka ya tendo, mara kadhaa, mpaka mikono izoee. Wapo wanaoitumia bila pete dakika chache kila siku ili kuunyoosha uume usifupike.

Hatua ya 6: Sindano

Ukitaja sindano ya uume, mwanamume yeyote hushtuka. Ni haki yake. Lakini kwa maoni yangu hii ndiyo tiba inayodharauliwa kuliko zote, kwa sababu inafanya kazi hata neva zisipokuwepo, na uume unasimama ukiwa na joto na ugumu wa kawaida ndani ya dakika 5 hadi 20. Ilianza kuvuma miaka ya 1980. Mwaka 1983 daktari Giles Brindley wa Uingereza alisimama mbele ya mkutano wa madaktari wa mfumo wa mkojo huko Las Vegas akiwa amejidunga mwenyewe, ili waone kwa macho yao kwamba dawa inatosha bila msisimko.

Leo dawa kuu ni alprostadili, peke yake au ikiwa imechanganywa na papaverini na fentolamini. Sindano ya kwanza hudungwa kliniki, kwa dozi ndogo, ili ijulikane kiasi kinachokutosha wewe. Usiazime dozi ya mtu mwingine.

Nyumbani mambo huenda hivi. Nawa mikono. Keti penye mwanga. Shika kichwa cha uume kwa vidole, uvute unyooke kuelekea pajani. Sehemu ya kudunga ni ubavuni, kushoto au kulia, kwenye theluthi ya karibu na mwili. Juu usidunge, kunapita mishipa mikubwa na neva. Chini usidunge, kunapita njia ya mkojo. Epuka mshipa wowote unaouona. Futa kwa spiriti. Sindano ni fupi na nyembamba, za aina ile wanayotumia wenye kisukari, nayo huingizwa wima hadi mwisho kwa mkono usiositasita. Sukuma dawa polepole. Ukiona haisukumiki au inachoma vikali, rudisha sindano nyuma kidogo. Ichomoe, kandamiza kwa pamba dakika 5, na zaidi ya hapo kama damu yako huchelewa kuganda. Safari ijayo badilisha upande. Usizidishe mara moja kwa siku wala mara 3 kwa wiki. Wengi husema kuchomwa kwenyewe ni kama kung’atwa na mbu. Kinachosumbua ni ule uume kuuma kwa ndani, jambo la kawaida kwa alprostadili miezi ya mwanzo baada ya upasuaji, na daktari anaweza kubadilisha mchanganyiko.

Hatari moja ishikeni nyote wawili. Uume ukibaki umesimama kwa muda wa saa 4, nenda hospitali hapohapo, hata kama ni usiku wa manane, hata kama hauumi sana. Damu iliyokwama haina oksijeni, na ukichelewa nyama za uume hufa na tatizo lako litakuwa la kudumu. Kabla ya kuanza, ulizeni kliniki mtakwenda wapi hilo likitokea. Mwenye selimundu au saratani za damu kwa kawaida hapewi tiba hii.

Wasiotaka sindano hupewa mahali pengine alprostadili ya kuweka kwenye tundu la mkojo. Huwekwa baada ya kukojoa, huwasha, na nguvu yake ni ndogo kuliko ya sindano.

Mkojo, ufupi na mpindo

Wapo wanaotoa mkojo kidogo wanapofika kileleni. Ni jambo la kawaida baada ya upasuaji huu, na huwaumiza watu moyo kuliko linavyostahili. Kojoa kabla, punguza vinywaji saa chache kabla, tandika taulo, tumia kondomu ukipenda. Pete ya pampu nayo huzuia. Kwa wengi hupungua kadiri misuli inavyoimarika. Uume kufupika kidogo pia hutokea. Ukiona umeanza kupinda au una kigumu ndani kama kovu, mwone daktari mapema, na uache kudunga sindano mpaka akuangalie.

Hatua ya 7: Kipandikizi

Mwaka au miaka 2 ikipita na ngazi za chini zikashindwa, au zikafanya kazi lakini mmezichoka, kuna upasuaji wa kupandikiza kifaa ndani ya uume. Kile kinachojazwa maji kilitambulishwa mwaka 1973 na daktari Brantley Scott wa Houston, Marekani. Kina mirija miwili ndani ya uume, mfuko wa maji tumboni, na pampu ndogo kwenye mfuko wa korodani. Ukitaka, unabonyeza pampu na uume unakaza. Ukimaliza unabonyeza kitufe unalegea. Mtu akikutazama hajui. Kipo pia cha vijiti vinavyokunjwa kwa mkono, rahisi zaidi kutumia.

Hisia na mshindo hubaki kama vilivyokuwa kabla ya kupandikizwa. Uume haurefuki, na kichwa chake huweza kubaki laini. Bei yake kwa mwili ni kwamba hakuna kurudi nyuma: nyama za asili hukipisha kifaa, na kikiondolewa, vidonge na sindano havitafanya kazi tena. Kuna hatari ya maambukizi, ambayo kwa kawaida hulazimu kifaa kitolewe, na kifaa chochote huweza kuharibika miaka ikienda. Mtafute daktari anayevipandikiza mara kwa mara, na uulize ni vingapi kwa mwaka. Nenda na mkeo. Wanaokubaliana kabla huwa miongoni mwa wagonjwa wanaoridhika zaidi katika matibabu haya yote.

Kuhusu tiba ya mawimbi ya mshtuko yanayopigwa kwenye uume, sindano za damu ya mgonjwa mwenyewe au za seli shina, mambo haya hayajathibitishwa kwa wanaume waliofanyiwa upasuaji huu. Akikuambia mtu ulipe fedha nyingi kwa hayo nje ya utafiti rasmi, mwache.

Moyo ukizidiwa

Huzuni baada ya jambo hili ni ya kweli, na mtu anaweza kulilia kilichopotea huku akifurahia uhai. Ila ukiona wiki zinapita hulali, huli, huna raha na chochote, au mawazo ya kutaka kufa yanakujia, mwambie daktari au mtu wa karibu leo. Sonona inatibika, na baadhi ya dawa zake huathiri hamu na mshindo, kwa hiyo anayekuandikia ajue historia yako.

Wapo wanandoa wanaoamua, baada ya kujaribu, kuendelea kwa mikono, midomo na kukumbatiana, bila vidonge wala vifaa. Uamuzi huo ni mzuri kama umetoka kwenye vinywa vya wote wawili. Wakibadilisha mawazo baadaye hawajachelewa: pampu, sindano na kipandikizi huweza kuanza hata miaka mingi baada ya upasuaji. Njia rahisi ya kulirudisha jambo hili ni kwenye miadi ya kipimo cha PSA. Liseme mwanzoni, kabla daktari hajaanza kusoma majibu, kwa maneno haya tu: “Daktari, leo nataka pia tuzungumze kuhusu kusimama kwa uume.”